Makisio Yaliyokosea na Kiwanda Kisichosimama

Mwaka 1963, Tanganyika ikiwa na miaka miwili tangu Uhuru, Mnyuzi ilipata kitu ambacho stesheni chache za ukubwa wake zilikipata: njia panda ya reli. Kutoka Ruvu, kwenye Reli ya Kati, ilitandikwa njia ya kilomita 188 kwenda kaskazini, ikaikuta reli ya Tanga kati ya Muheza na Korogwe, katikati ya mashamba ya mkonge ya Mnyuzi na Mruazi. Kabla ya hapo reli mbili za nchi moja zilikuwa hazijuani. Mpango wenyewe haukuwa na maneno mengi: zikutanishwe, mabehewa yapite. Yakapita.

Naanzia kwenye reli ingawa nakusudia kuzungumzia magitaa. Mwanamuziki wa dansi aliyetoka Tanga miaka hiyo, akifika Mnyuzi alikuwa na pande mbili za kwenda. Kusini ni Dar es Salaam, kwenye Redio Tanzania na maikrofoni zake. Kaskazini-magharibi ni Korogwe na Mombo, kisha kwa njia ya Kahe na Voi mpaka Nairobi, kulikokuwa na kampuni za kurekodi na kiwanda cha kufyatua santuri. Upande mmoja sauti ilinaswa tu. Upande wa pili ilinaswa, ikafyatuliwa, ikavikwa jalada na kuuzwa dukani. Tofauti hiyo ndiyo iliyoamua nani aache albamu duniani na nani aache kanda kwenye kabati la redio.

Watu wa ukanda huu wa reli hawakuhitaji kufundishwa kwamba mpango wa karatasini na kazi ya shambani ni vitu viwili. Reli ya Tanga yenyewe ilianza kujengwa mwaka 1893 na kampuni ya Kijerumani. Ilipofika Muheza mwaka 1896, kiasi cha kilomita 40 tu, fedha zikaisha. Reli ikakaa hapo mpaka serikali ya Ujerumani ilipoichukua mwaka 1899 na kuisukuma, ikafika Korogwe mwaka 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Kwa maneno mengine, Mnyuzi ilipata reli kwa mkono wa mrithi, si wa mwenye mradi.

Mkonge nao una kisa chake. Mwaka huohuo wa 1893 mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika na kushika ardhi ilikuwa 62. Mkaguzi yeyote wa miradi angeandika kwa wino mwekundu kwamba zaidi ya asilimia 90 ya mali imepotea, na angekuwa amesema kweli. Lakini hiyo 62 ilipata udongo, ikapata reli, ikapata bandari ya Tanga na wanunuzi Ulaya, na mwaka 1964 nchi ilivuna tani zipatazo 230,000 za singa, ikaongoza dunia nzima. Makisio ya mwanzo yalikosea vibaya. Kilichouokoa mradi ni kwamba kila kiungo cha mbele yake kwenye safari ile, kuanzia mashine ya korona hadi meli, kilikuwepo na kilikuwa tayari kupokea.

Mkonge ndio ulioleta watu. Ofisi ya kuajiri wafanyakazi wa mkonge, SILABU, iliwakusanya manamba kutoka Songea, Njombe, Kigoma, Tabora, mpaka ng'ambo ya mipaka, wakajazwa kwenye makambi ya Korogwe, Muheza na Pangani. Kila kabila lilikuja na ngoma yake. Dansi la magitaa liliposhika Tanga mjini miaka ya 1950, hadhira ilikuwa imeshapatikana: vijana wenye mshahara wa mwisho wa mwezi, walio mbali na wazee wao, wanaoelewana kwa Kiswahili. Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zilikulia kwenye soko hilo. Sidhani ni bahati kwamba mji wa bandari wenye mkonge nyuma yake ulizaa bendi nyingi kuliko ukubwa wake. Miji ya kazi ngumu na mishahara midogo ina desturi hiyo popote duniani.

Ndiyo maana naivuka bahari kidogo, niende kwenye mji mwingine wa kazi ngumu.

Aberdeen, katika jimbo la Washington huko Marekani, ni mji wa magogo. Viwanda vyake vya mbao vilikuwa vinafungwa wakati Kurt Cobain na Krist Novoselic wanakua. Hao wawili walianzisha bendi ya Nirvana mwaka 1987, katika muziki uliokuja kuitwa granji: magitaa mazito yenye kukwaruza, sauti ya kulalama inayogeuka kuwa ukelele, na nguo za mitumba zisizojali jukwaa. Albamu yao ya kwanza, Bleach, ya mwaka 1989, iligharimu dola 606.17 kurekodiwa, na kampuni yao ilikuwa Sub Pop ya Seattle, kampuni ndogo yenye sifa kubwa kuliko akiba yake ya benki.

Albamu ya pili ndiyo ninayotaka tuikague kama mradi, kwa kuwa kumbukumbu zake zinajulikana vizuri kuliko za miradi yetu mingi.

Awamu ya kwanza ilishindikana. Aprili 1990 bendi ilikwenda Madison, Wisconsin, kwa mtayarishaji Butch Vig, ikarekodi nyimbo nane. Nia ilikuwa zitoke Sub Pop kama albamu. Haikutoka. Mpiga ngoma wao, Chad Channing, aliondoka, na kanda ile ikageuka kuwa kitu ambacho hakuna aliyekikusudia: tangazo la kuombea kazi, likizunguka mkono kwa mkono mpaka kwenye kampuni kubwa. Septemba mwaka huo akaja Dave Grohl kwenye ngoma. Mwaka 1991 bendi ikasaini na DGC, tawi la kampuni ya Geffen, na Sub Pop ikalipwa dola 75,000 pamoja na asilimia ndogo ya mauzo ya baadaye. Kumbuka hiyo asilimia ndogo. Wakati ule ilionekana kama bakshishi ya kumwondolea mtu kinyongo.

Awamu ya pili ilikuwa Mei na Juni 1991, studio ya Sound City huko Van Nuys, California. Bajeti ilikuwa dola 65,000. Bendi haikufika pale kutunga. Ilikuwa imefanya mazoezi kwa miezi na nyimbo nyingi zilikwishapigwa mbele ya watu, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ilimalizika kwa wiki chache. Kisha mambo yakaenda kinyume na ratiba. Uchanganyaji wa sauti alioufanya Vig haukuridhisha, akaitwa Andy Wallace aufanye upya. Gharama zikapita bajeti kwa mbali. Hata nakala za mwanzo zilipotoka, zilitoka na pengo: wimbo mmoja wa kelele uliopangwa kufichwa mwishoni mwa albamu ulisahauliwa na fundi wa hatua ya mwisho kabla ya kufyatua, ukaingizwa kwenye nakala za baadaye. Mtu aliyewahi kupokea jengo la shule likiwa na vyoo visivyounganishwa na maji hatashangaa.

Sasa makisio. Albamu hiyo, Nevermind, iliingia madukani tarehe 24 Septemba 1991. Kampuni ilisambaza nakala 46,251 Marekani na 35,000 Uingereza, na matumaini yake ya juu kabisa yalikuwa kuuza 250,000. Wimbo wa kutangulizwa, Smells Like Teen Spirit, haukukusudiwa kuwa ndio utakaobeba mzigo. Ulitolewa kuwaamsha mashabiki wa redio za wanafunzi, na wimbo mwingine, Come as You Are, ndio uliotegewa kuwafikia watu wengi. Albamu iliingia kwenye chati ya Billboard nafasi ya 144. Yote haya ni mipango ya watu wenye uzoefu, waliolipwa vizuri kukisia.

Tarehe 11 Januari 1992 albamu ikashika namba moja, ikimwondoa Michael Jackson na Dangerous. Kufikia mwezi huo ilikuwa inauzwa nakala kama 300,000 kwa wiki. Chukua kalamu ugawe: ile shehena ya kwanza ya Marekani iliyoonekana ya kutosha ingemalizika kwa siku moja na saa chache. Mpaka leo mauzo yake duniani yanakisiwa kuwa nakala milioni 30, na ile asilimia ndogo ya Sub Pop ndiyo iliyoiokoa kampuni hiyo isifilisike.

Kuna hadithi inayopendwa kusimuliwa kutokana na takwimu hizi, kwamba mipango haina maana, kwamba kitu kizuri hujiuza chenyewe, kwamba wenye kampuni walikaa pembeni wakatazama. Mimi siiamini, na nadhani inaliwa kwa urahisi mno na vijana wetu wanaorekodi. Makisio ya DGC yalikosea, ni kweli. Lakini bidhaa zilipoisha madukani kampuni ilikuwa na viwanda vya kuamuru: ilisimamisha ufyatuaji wa kazi za wanamuziki wake wengine ili mashine zitoe Nevermind. Ilikuwa na wasambazaji wenye magari, maduka yenye hesabu, televisheni ya MTV iliyorusha video, na sheria iliyohakikisha kwamba kila nakala inaacha senti kwa aliyetunga. Kukisia 250,000 ukapata milioni ni kosa la furaha, lakini ni furaha ya yule tu mwenye mahali pa kufyatulia hizo nyingine.

Turudi nyumbani, kwenye kosa la namna nyingine.

Tanzania ya miaka ya 1960 na 1970 haikukosa mpango wa muziki. Ilikuwa nao kuliko majirani wengi. Serikali ilitaka utamaduni wa taifa, mashirika ya umma yakawa na bendi zake, vyombo vikanunuliwa na mashirika, na wanamuziki wengi wakapata kitu ambacho wenzao wa nchi nyingine hawakukijua: ajira yenye mshahara. Bendi ya NUTA ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, iliyozaliwa mwaka 1978, ikaja kuwa chini ya shirika la umma. Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi bila kuchoka, za mji na za mikoa. Mashairi yalipitiwa kwanza na kamati, kisha bendi inaingia studio, inapiga wimbo kwa mara moja mwanzo hadi mwisho, kanda inahifadhiwa, wimbo unarushwa hewani, na wiki inayofuata nchi nzima inauimba. Kwa kipimo cha kunasa sauti, ulikuwa mradi uliofanikiwa kuliko mingi ya wakati wake. Kanda zake zilizorithiwa na TBC ni hazina ambayo nchi nyingi za Afrika zingeitamani.

Kilichokosekana ni cha baada ya hapo. Redio haikuwa duka. Msikilizaji wa Mnyuzi aliyeupenda wimbo alisubiri urushwe tena, au awe na redio kaseti aunase mwenyewe hewani. Mpango wa kuziba pengo hilo ulikuwepo: Kampuni ya Filamu Tanzania, TFC, shirika la umma lililoanzishwa mwaka 1968, lilibebeshwa pia jukumu la santuri, na nia ilikuwa nchi iwe na studio ya kibiashara na kiwanda chake cha kufyatua sahani. Studio ilifanya kazi, na zipo nyimbo zilizorekodiwa humo. Kiwanda hakikufikia siku ya kuzalisha.

Sababu zake zinafahamika kwa mtu yeyote aliyeishi miaka hiyo. Mashine za kufyatua na mali ghafi yake vilihitaji fedha za kigeni. Fedha za kigeni zilitoka kwenye mkonge, pamba na kahawa, na bei ya mkonge ilikuwa imekwishaporomoka kwa sababu ya nyuzi za plastiki; mashamba mengi yaliyotaifishwa mwaka 1967 yakawa yanavuna kidogo kila mwaka. Ikaja bei ya mafuta ya mwaka 1973, ikaja vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979. Ukiwa waziri wa fedha na mbele yako kuna maombi ya dawa, vipuri vya malori na mashine ya santuri, hutahangaika kuchagua. Simlaumu aliyeikata santuri kwenye orodha. Namlaumu aliyedhani kwamba kwa kuwa studio imepatikana, nusu ya kazi imekwisha.

Kwa muda pengo hilo lilizibwa na Nairobi. Mbaraka Mwinshehe, mwana wa Morogoro, alirekodi huko, na santuri zake zikarudi kuuzwa Tanzania. Bendi za taarabu za Tanga, Black Star na Lucky Star, zilifyatuliwa santuri kwa jina la kampuni ya Mombasa. Utaratibu ule haukuandikwa kwenye mpango wowote wa maendeleo, na ulifanya kazi vizuri kuliko mipango iliyoandikwa. Kisha Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa mpaka mwaka 1983. Shirika la Reli la Afrika Mashariki likagawanywa. Ile njia ya kaskazini kutoka Mnyuzi ikaishia Moshi na Arusha. Nyimbo zilizorekodiwa redioni Dar es Salaam ziliendelea kuvuka kwa njia za panya, zikaonekana kwenye santuri huko ng'ambo, na wengi wa waliozipiga hawakuona hata shilingi.

Wanyika walikuwa wamekwishavuka. Wilson na George Peter Kinyonga, ndugu wa Tanga, walianza na Jamhuri Jazz miaka ya 1960, wakapanda hadi Arusha mwaka 1970 na bendi ya Arusha Jazz, na mwaka uliofuata wakaingia Kenya, wakajiita Simba Wanyika. Kama kuna bendi ya ukanda huu iliyopata kile ambacho Wamarekani wangekiita albamu ya kufungua milango, ni hiyo. Lakini tazama ilivyopatikana. Soko la Kenya lilikuwa la sahani ndogo, nyimbo mbili tu kwa sahani, na mara nyingi wimbo mmoja mrefu ukigawanywa: mwanzo upande huu, kilele upande wa pili. Bendi ilirekodi sahani moja ikaangalia kama imeuza, ikarudi kurekodi nyingine. Santuri kubwa ya Jiburudisheni na Simba Wanyika ilipotoka katikati ya miaka ya 1970, ilikuwa imetanguliwa na miaka kadhaa ya kupimwa hivyo sokoni, wimbo kwa wimbo.

Mtaalamu wa miradi angeuita utaratibu huo wa kubahatisha. Mimi nauona wa akili. Sahani ndogo ilikuwa na gharama ndogo, iliuzwa kwa watu wa mishahara midogo, na kosa likitokea lilikuwa la wimbo mmoja. Hata bendi ilipopasuka, mnyororo haukukatika. Mwaka 1978 kundi la wapigaji akiwemo mpiga gitaa Omar Shabani na mpiga besi Tom Malanga walijitenga, wakaungana na John Ngereza, wakaunda Les Wanyika. Wakatoa Sina Makosa, wimbo ambao hadi leo harusini Korogwe, Mombasa au Bujumbura ukipigwa watu wazima huacha sahani za pilau mezani. Waliojitenga hawakuwa na fedha wala vyombo vya kujivunia. Walikuwa na kiwanda cha mtu mwingine kilichokuwa tayari kuwasikiliza. Wangejitenga Tanga mwaka huohuo, na mpaka ukiwa umefungwa, sidhani kama tungelijua jina lao.

Yupo pia wa upande wa kusini aliyepenya, akapenya kwa kuruka nchi nzima. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, Kongo, aliyehamia Dar es Salaam mwaka 1978, alikuwa na Super Matimila, bendi iliyobeba jina la mfanyabiashara mwenye vyombo. Kanda yake ilifika Uingereza kwa mkono wa rafiki. Mwaka 1988 bendi ikaalikwa na waandaaji wa tamasha la WOMAD kuzuru Ulaya, na nyimbo zilizokwisharekodiwa redioni Dar es Salaam zikatolewa huko kama santuri iitwayo Nalilia Mwana. Mwaka 1989, katika studio za Real World za mwanamuziki Peter Gabriel kwenye kijiji cha Box, ikarekodiwa Songs for the Poor Man. Albamu iliyosema habari za maskini wa Sinza, Dar es Salaam, ilifyatuliwa Uingereza, na ilikuwa rahisi kuikuta London kuliko Kariakoo. Sinza kuna kituo cha daladala kinachoitwa kwa jina la Remmy.

Hivyo tuna makosa mawili ya mipango. Geffen walikisia kidogo mno kuhusu watu, lakini kila kilichokuwa kati ya studio na msikilizaji kilisimama na kingeweza kunyooshwa. Sisi tulikisia sawasawa kuhusu watu. Wasikilizaji walikuwepo kuanzia makambi ya mkonge hadi Kigoma, na hakuna aliyehitaji utafiti kulijua hilo. Tukakosa kila kilichokuwa kati. Kosa la kwanza lilirekebishwa kwa simu za wiki chache. La pili lilichukua kizazi kizima, na waliolilipa ni wapigaji waliozeeka wakisikia nyimbo zao kila asubuhi redioni na mfukoni hamna nauli.

Mtu atasema hayo yamepita. Studio leo inakaa kwenye kompyuta moja chumbani, wimbo unapandishwa kwenye simu na kufika Muscat kabla ya chai kupoa. Na treni ya abiria, baada ya kukatika kwa zaidi ya miaka 20, ilirudi njia ya kaskazini mwishoni mwa mwaka 2019. Inatoka Dar es Salaam, inapita Ruvu, inaifuata ileile njia ya mwaka 1963 na kuelekea Moshi. Ni kweli, gharama ya kunasa sauti imeanguka hadi karibu na sifuri. Lakini hiyo ilikuwa sehemu ambayo hata Redio Tanzania iliimudu. Kilichokuwa kigumu mwaka 1975 ni kigumu leo: nani anasambaza, kwa mkataba gani, na fedha zinarudi kwa nani.

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ilizaa taasisi ya hakimiliki, COSOTA. Nchi imeanza kugawa mirabaha ya nyimbo zinazorushwa redioni, jambo ambalo wapigaji wa NUTA wasingeliamini. Upo Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unaokopesha. Zipo fedha za halmashauri, asilimia 10 ya mapato ya ndani, zinazokopeshwa bila riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, zilizosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Kijana wa Mnyuzi au wa Hale mwenye kikundi ana mahali pa kupeleka andiko, tofauti na akina Kinyonga.

Shida ni andiko lenyewe. Maandiko ya miradi ya muziki yanafanana: kompyuta, maikrofoni, spika, magodoro ya kuzuia mwangwi, kodi ya chumba, jenereta. Vyote ni vya kunasa sauti. Kisha kipengele cha soko kinajazwa kwa mstari mmoja, kwamba nyimbo zitauzwa mtandaoni. Huo mstari ndio kiwanda cha TFC, umevaa nguo mpya. Haukuandikiwa fedha, haukuandikiwa mtu, haukuandikiwa tarehe. Kikundi kitarekodi, na kitarekodi vizuri, kisha wimbo utabebwa na mtu mwenye mkataba wa kurasa kumi ambao hakuna kijana aliyeusoma, au utazunguka kwenye simu za watu bila jina la mtunzi. Mkopo utarudishwa kwa kupiga harusi, na vifaa vitauzwa kimoja kimoja.

Sisemi vijana wasikopeshwe. Nasema kamati ya mikopo ya kata iwe na ujasiri wa kuligeuza andiko. Nyimbo kwanza zipigwe mbele ya watu, gulioni, kwenye mechi, kwenye harusi, mpaka ijulikane upi unaowanyanyua watu. Hivyo ndivyo Simba Wanyika walivyofanya kwa sahani zao ndogo na Nirvana kwa kumbi zao za moshi. Kukodi studio ya Tanga mjini kwa siku mbili ni nafuu kuliko kununua yako. Fedha zinazobaki ziende kusajili kazi COSOTA kabla haijatoka, kumlipa mtu mmoja anayejua kusoma mkataba, na kulipia usambazaji kwa jina la kikundi chenyewe, si la rafiki mwenye akaunti.

Kwa hiyo ombi langu kwa maofisa maendeleo ya jamii wa Korogwe na Handeni ni dogo. Andiko la studio likifika mezani, anzeni kulisoma kutoka ukurasa wa mwisho. Kama ukurasa huo hauelezi wimbo unatokaje chumbani hadi kwa msikilizaji, na shilingi inarudije, lirudisheni kwa wenyewe likaandikwe upya kabla ya kusaini hundi.